Honi ya Kushoto

6 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na nusu yake mpe dada yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua mama yako akisikia barua imetoka kwangu atauliza kama nakula. Mwambie nakula. Mwambie pia asiyape magoti yake kichwa. Magoti ya mama yetu yalilia vile vile, na bado alitukimbiza na mwiko mpaka tukaota ndevu. Wewe nakusalimu kwa lile jina la utani linalokuudhi, ila siliandiki hapa kwa kuwa siku hizi una ofisi.

Mimi ni mzima. Simu yangu ndiyo mgonjwa. Watu wakipiga namsikia mtu ananong'ona kama yuko ndani ya gunia, kwa hiyo nimeifungia kabatini. Ukitaka kusema na mimi, andika.

Sasa tuje kwenye shughuli. Unawakumbuka wajenzi wenzangu wanaotengeneza spika majumbani mwao, wale wanaoniita Sikio. Mwaka mzima wamegombana. Kundi moja linataka honi, ile yenye koo refu na jembamba linalopanuka mpaka kuwa mdomo. Kundi la pili linataka bakuli, lile fupi lenye mdomo mpana. Wamekubaliana nivichonge vyote viwili, nivipime, nivisikilize, na nitakachosema mimi ndicho watakachojenga. Basi nimechonga jozi ya honi na jozi ya mabakuli kwa plaiwudi ile ile, gundi ile ile, na twita zile zile, vile vipaza vidogo vya sauti za juu. Kazi safi, hata mimi mwenyewe nimejipongeza.

Tatizo ni honi ya kushoto. Haina uhai kwenye sauti za juu. Matoazi yakipigwa upande wa kulia yanang'aa. Upande wa kushoto ni kama mtu ameyafunika blanketi. Nimeichonga upya, ni vile vile. Nikaweka maiki ya kupimia mbele ya honi zote mbili, mchoro ukasema ni mapacha. Hiyo maiki inadanganya mchana kweupe. Nakutumia kwenye kifurushi hiki, pamoja na ile honi ya kushoto ya kwanza na bakuli moja. Wewe una chumba kimya na mashine za kupima maiki za watu wenye viwanda, ipime na ya mjomba wako. Sihitaji maelezo marefu. Niambie tu imeharibika wapi.

Amplifaya nayo ina mvumo, upande huo huo wa kushoto. Cha ajabu inavuma hata nikiizima.

Ni mimi,
Mjomba wako

2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema hakuamini kuhusu kula. Anasema ukiandika "nakula" bila kutaja chakula, maana yake ni chai. Magoti yamepata nafuu kidogo. Jana alishuka mpaka uani akaanika nguo mwenyewe, kisha akajilaumu kutwa nzima. Mimi sijambo. Jina la utani nimelipokea ingawa hukuliandika.

Kifurushi kilifika salama. Maiki iko kwenye foleni ya vipimo, usinifokee, hata mimi nina bosi. Lakini honi na bakuli nimevipima mchana wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilivifunga kwenye meza inayozunguka, nikavigeuza kidogo kidogo mbele ya maiki ya ofisi. Mjomba, ile honi ni nzuri. Mchoro wake unapanda bila kishindo, hauna shimo mahali popote. Ukikaa mbele yake sawasawa, inakupa kila kitu na kwa nguvu. Ukisogea pembeni, sauti za juu zinakuacha. Ni spika ya kiti kimoja. Bakuli lina nguvu ndogo kuliko honi, lakini halibagui: ukikaa katikati, ukikaa ukingoni, ni muziki ule ule. Mimi ningechagua bakuli, na najua sasa hivi umeguna.

Lakini kuhusu hiyo honi ya kushoto, sikuona ubovu wowote. Kwa hiyo nakuuliza ulichokuwa unaniuliza wewe nilipokuwa nakaa chini ya meza yako nachezea maranda: umebadilisha nafasi? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kabla ya kulaumu mbao, chukua ya kushoto uiweke kulia. Ubovu ukihama nayo, ni wake. Ukibaki pale pale, tafuta kwingine. Umeshafanya hivyo? Nijibu hilo tu.

Na hiyo amplifaya inayovuma ikiwa imezimwa, chomoa waya ukutani. Ikiendelea, niambie.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Mwambie nilikula ugali na maharage, na nikarudia sahani. Aandike ukutani kama anataka.

Barua yako nimeisoma. Basi honi yangu imepona njiani, kama mgonjwa anayefika mlango wa daktari akaacha kukohoa. Nimechonga ya tatu. Safari hii mbao nilizichagua moja moja, nikazigonga kwa kidole, nikalipiga koo msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Bado imekufa. Tena sasa hata bakuli nililobaki nalo, nikiliweka kushoto, lina ugonjwa huo huo, kwa hiyo nikajua ni chumba. Nimetoa kabati, nimetundika mablanketi, nimehamisha kitanda kimekaa jikoni. Fundi cherehani wa chini alipanda kuuliza kama nahama. Nikamwambia natafuta sauti. Akasema, "Sauti gani tena, mzee? Mbona mimi naisikia yote, mpaka sindano inaruka uzi!"

Jumamosi wajenzi walikuja. Niliwawekea matoazi upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Wakatazamana. Mmoja wao, yule mwalimu wa hesabu, akasema kwa upole, "Mzee Sikio, mbona ziko sawa kabisa?" Ule upole ndio ulioniudhi. Nikawaambia wenye masikio ya mapambo warudi makwao. Wakaondoka, na vikombe vyao wakaviosha kwanza. Sijawahi kufukuza watu nyumbani kwangu, wewe unajua.

Halafu nikaanguka kwenye ngazi. Si jambo kubwa, zile ngazi zimelegea. Nimezigongelea misumari.

Mpwa wangu, maji yamenifika shingoni. Nina miaka mingapi kwenye kazi hii? Mlango, kabati, kitanda, vyote nimetengeneza ili nile, lakini spika ndizo nilizotengeneza ili niishi. Ukinitoa hapo hubakizi mtu. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti: ipime hiyo maiki, uniambie ni mbovu.

Mjomba wako

14 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na kwamba ngazi hazijakuangusha tena. Mama hajambo, anasema ugali na maharage ameukubali, ila anataka kujua mboga ilikuwa nini. Huku mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba, kwa hiyo fundi aliyeliziba anatafutwa. Jirani yetu amepata mjukuu wa kike, analia kwa sauti ya honi, ungempenda. Ofisini tumepewa mapazia mapya. Nimenunua viatu.

Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Maiki nimeipima. Ina kasoro kidogo kwenye sauti za juu. Si kubwa, lakini ipo. Inawezekana ndiyo iliyokuchanganya.

Pumzika kidogo, mjomba. Usichonge nyingine kwanza. Na ile simu itoe kabatini, Mama anataka kusikia sauti yako. Hukunijibu kama ulibadilisha nafasi.

Mpwa wako

29 Machi

Mpwa wangu, kipenzi changu, mboni ya jicho langu!

Nilijua! Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikashuka nikamsomea fundi cherehani ingawa hakujua maiki ni nini. Alinipongeza tu kwa adabu. Salamu kwa dada yangu, mboga ilikuwa mchicha, na salamu kwa huyo mtoto mwenye sauti ya honi. Leo nawasalimu hata wasionisalimu.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikukuambia, kwa kuwa limekwisha na tunaweza kulicheka. Nilikuwa nimepanga kwenda hospitali, kwa daktari wa masikio. Unaona ujinga huo? Nilikuwa nimeshapewa siku, wiki hii hii. Mtu anayeitwa Sikio, akae kwenye benchi na watoto walioingiza punje za mahindi! Barua yako ilipofika nilikwenda pale nikawaambia nafasi yangu mpeni mwingine. Yule dada wa mapokezi akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia nina barua kutoka kwa mtaalamu.

Wajenzi nimewaomba radhi. Nimewaambia maiki ndiyo iliyonipotosha, na nimewaita waje siku nyingine. Nimeanza honi ya kushoto ya nne, koo pana zaidi kidogo. Hii ndiyo yenyewe, naiona mikononi.

Shavu la kushoto limekufa ganzi kidogo tangu juzi, nadhani ni jino. Hata chai inanimwagikia, nainywa na leso kidevuni kama mtoto. Lakini moyo ni mweupe.

Mjomba wako mwenye furaha

7 Aprili

Mjomba,

Maiki ni nzima.

Ni nzima kabisa, haina kasoro hata kidogo. Niliipima mara tatu. Nilikudanganya. Ulisema unapiga magoti, na mimi sijawahi kukuona umepiga magoti ila kwa kuokota msumari, nikaona nikupe neno moja la kukutuliza, basi. Sikujua kuhusu hospitali. Naapa sikujua. Nimeisoma barua yako ofisini, nimeingia kwenye kile chumba kimya nikafunga mlango, kwa sababu humo mtu akilia hasikiki nje.

Rudi hospitali. Nenda leo, usiseme kesho. Wape barua hii kama walivyopewa habari za ile nyingine, waambie yule mtaalamu ni mwongo.

Sitaki kukuandikia ninachokifikiria, kwa sababu mimi si daktari na kwa sababu mkono unakataa. Lakini nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Upande wa kushoto hausikiki. Upande wa kushoto unavuma na umeme hakuna. Ngazi zimelegea, kumbe miguu ndiyo inayoyumba. Simu inanong'ona, na wewe tangu nikujue simu unaishika mkono wa kushoto. Sasa shavu. Mjomba, hilo si jino.

Kama huniamini, na huna sababu ya kuniamini tena, fanya jambo moja. Usiguse honi. Usiguse waya. Chukua kiti chako ukigeuze kitazame ukuta wa nyuma, ukae, honi zote ziwe mgongoni mwako. Sikiliza ni ipi iliyokufa. Ikiwa ni ile ile, ni mbao, na mimi nitakuja kukupikia mwaka mzima kwa adhabu. Ikiwa ni ile nyingine, unajua.

Mama hajui bado. Anauliza kwa nini sili.

Nakuomba, mjomba. Nakuomba.

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Simu inaita mpaka inakata. Mama nimemwambia, hakunigombeza, na heri angenigombeza. Ameweka kiti mlangoni, anamsubiri mtu wa posta na magoti yake hayo.

Nimekata tamaa ya kutafuta maneno mazuri. Kama umenikasirikia, nikasirikie, hata mimi nimejikasirikia. Ila nitukane kwa maandishi ili nijue upo.

Mpwa wako

22 Mei

Mpwa wangu,

Nipo. Mpe salamu dada yangu, mwambie aondoke mlangoni, upepo wa asubuhi haufai kwa magoti. Nakula uji, na sitii chumvi, kwenye maneno wala kwenye uji.

Nimekaa kimya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hasira. Niliisoma barua yako ya Aprili nikatamani kuichana, nikasema mtoto niliyemfundisha kushika rula amenidanganya juu ya kipimo. Angenidanganya juu ya mtu, juu ya chakula, juu ya mapenzi, ningemwelewa. Juu ya kipimo! Hasira hiyo haijaisha yote, nakwambia ukweli. Lakini kila nilipoishika ilinigeukia, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyekuomba uongo huo, tena kwa kupiga magoti.

Ya pili ndiyo ngumu. Mpwa wangu, kile kiti nilikigeuza zamani. Nilikigeuza Desemba, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Kubadilisha nafasi nilishabadilisha siku ile ile niliyosikia tofauti, kwani nani alikufundisha? Ya kushoto niliiweka kulia, ikafufuka. Ya kulia niliiweka kushoto, ikafa. Nikasema ni waya, nikasema ni ukuta. Kisha nikageuza kiti, nikakaa nikitazama rafu ya gundi, na zile honi mgongoni. Ile iliyokuwa imekufa ikaanza kuimba, na ile nzima ikafunikwa blanketi. Nilikaa pale mpaka muziki ukaisha. Halafu nikarudisha kiti, nikachukua plaiwudi, nikaanza kuchonga honi ya kushoto ya pili. Honi zote hizo nilizichonga huku najua. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakina nafasi ya kusema.

Hospitali nimekwenda. Waliniingiza kwenye mtambo unaogonga kama fundi bati. Kuna kitu kimeota, kwenye mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Daktari anasema si saratani, alilisema hilo kwanza na nikamshukuru. Lakini kimekua, kimeanza kusukuma mahali pasiposukumwa, lazima kitolewe. Kikitoka kinatoka na sikio la kushoto. Mdomo unaweza kupinda, unaweza usipinde. Nilimwuliza kama ningekwenda ile wiki ya Machi, sikio lingepona? Akaipanga kalamu yake sambamba na karatasi, akasema tuzungumze ya mbele. Sikumwuliza tena, na wewe usimwulize. Hilo tutaligawana, nusu yako na nusu yangu, na kila mtu abebe yake bila kumwonyesha mwenzake.

Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo. Sikiogopi kisu. Naogopa kuamka, niweke muziki, nao uje wote upande mmoja kama maji kwenye beseni lililoinama.

Watanilaza mwisho wa Juni. Kabla ya hapo nimewaita wajenzi waje mara ya mwisho. Nimewaambia ukweli wote, pamoja na kiti. Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu wa hesabu aliniuliza sasa nani ataamua, honi au bakuli. Nikawaambia yupo.

Njoo. Njoo na maiki yangu hiyo nzima, na lile bakuli, na ile honi ya kwanza ambayo haikuwa na kosa, niirudishe mahali pake. Zile nyingine za kushoto nimezipanga ukutani, wajenzi wanaweza kuzigawana, ni nzuri zote. Wewe utakaa kwenye kiti changu, katikati. Mimi nitakaa kushoto kwako, ukingoni, ili sikio langu la kulia likuelekee. Najua honi haitanifikia huko vizuri. Bakuli ulisema linafika, na hilo nataka kulisikia mwenyewe ningali naweza kulinganisha.

Nitakuuliza kushoto pakoje. Usinitazame usoni kabla ya kujibu. Sema ulichosikia.

Mjomba wako